Leza ya Kotina ya baba: nilivyoifunika kwa ngozi ya ng'ombe, na yaliyonikuta Mwitongo

Wakuu, amani iwe kwenu nyote mliofika humu leo.

Jana kijana mmoja jukwaani aliuliza kuhusu gari la marehemu babu yake. Leza ya juu ya paa imechanika, mikanda ya nikeli imelegea, afanyeje. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili. Mistari ikakataa kuwa miwili, nikaona bora niifungulie uzi.

Mimi ni mzee wa kanisa, sitaongeza chumvi. Kuna mahali ningetamani kupunguza, maana aibu ni yangu mwenyewe. Napo nitapaacha palivyo.

Baba yangu alikuwa dresa, yaani msaidizi wa tabibu, katika zahanati moja karibu na Bunda. Aliipata Kotina kwa mhandisi wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, aliyekuwa anarudi kwao. Gari la rangi ya maziwa, na paa lake limefunikwa leza nyeusi.

Kwa vijana ambao hamjawahi kuona: leza ni ngozi ya bandia. Walikuwa wanaibandika kwa gundi juu ya bati la paa, kingo zake zikabanwa na mikanda ya nikeli inayong'aa. Ukiitazama kwa mbali unadhani gari limevaa kofia.

Gari lile lilibeba wagonjwa zaidi kuliko lilivyobeba familia yetu. Watoto watatu ninaowafahamu walizaliwa kiti cha nyuma, kabla baba hajafika hospitali.

Kila Jumamosi baba aliipangusa ile leza kwa kitambaa chenye sabuni, kisha kikavu, mwisho akapitisha kiganja chake taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Alisema kitambaa huwa kinadanganya, kiganja hakidanganyi.

Baadaye macho yakamsumbua. Presha ya macho, walisema, na ndani ya mwaka mmoja akawa haoni kabisa. Akahamia Mwitongo, Butiama, kwa dada yake mkubwa, Shangazi Wakuru. Ufunguo akanipa mimi, mwalimu wa shule ya msingi, ninayeishi Kitaji hapa Musoma.

"Magesa," aliniambia, "sikupi bati. Nakupa mkono wangu."

Nikaitikia.

Sasa wakuu, mliokuwepo mnaikumbuka ile miaka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, petroli kwa kibali. Tairi lilikuwa jambo la kuombewa. Kotina ikakaa uani kwangu juu ya mawe, jua la ziwani likaichoma. Leza ikapasuka katikati, maji ya mvua yakaingia chini yake, kutu ikaanza kula paa polepole. Mkanda mmoja wa nikeli ukaanguka, sikujua ulikoenda.

Hilo si kosa langu. Kosa langu ni hili.

Kila nilipokwenda Mwitongo kumjulia hali, baba aliniuliza, "Leza inang'aa?"

Nami nikajibu, "Inang'aa, baba."

Mara ya kwanza nilisema nisimhuzunishe. Mara ya pili nilisema kwa sababu nilishasema mara ya kwanza. Hivyo kwa miaka mitatu.

Halafu ukaja ujumbe wa kikaratasi kwa mtu wa lori. Sikukuu ya mavuno ya kanisa la Bunda ni Jumapili ya pili kutoka sasa. Baba anataka kwenda kutoa shukrani kwa miaka yake ya udresa, na anataka kwenda na gari lake. Wale mama waliojifungulia humo nao wamealikwa. Nije kumchukua Jumamosi.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje, nikiwa na kile kikaratasi. Mke wangu akatoka jikoni, akakisoma.

"Mwambie tu ukweli," akasema.

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Si huo huo uliotumia kumdanganya?"

Sikumsikiliza. Nikaenda mtaa wa Mukendo kwa Fundi Masatu.

Masatu alikuwa fundi bodi na mtengeneza ngoma, kazi zote mbili chini ya bati moja. Injini alisema ataiamsha, na kweli aliiamsha, matairi akayaazima kwa mteja wake. Petroli mchungaji alinigawia kidogo ya kanisa, kwa kuwa safari ni ya ibada. Tatizo likabaki leza. Madukani hakukuwa na hata kipande cha kushonea pochi. Kule mpakani Sirari ilipatikana ya magendo, lakini hizo ndizo siku walipokuwa wakiwasaka wahujumu uchumi, na mimi nisingeweza kusimama madhabahuni nikiwa nimevusha kitu kwa njia ya panya.

Masatu akalizunguka gari mara mbili, akiligonga paa kwa kidole.

"Mwalimu, sisi ni watu wa ng'ombe ama sio?"

"Ndiyo."

"Basi leza tunayo. Inatembea na miguu minne."

Wakuu, msinicheke mapema. Wakati ule niliona ni akili ya hali ya juu. Ngozi mbichi tuliipata buchani. Masatu akaikwangua manyoya, akailoweka, akaivuta juu ya lile paa jinsi anavyowamba ngoma, kingo akazibana kwa misumari ya ripiti na mikanda ya nikeli iliyobaki. Ule uliopotea akautengeneza kwa bati la sufuria, akausugua kwa majivu hadi ukang'aa. Ngozi tukaipaka masizi yaliyochanganywa na oili chafu. Ikawa nyeusi tii!

Kwa macho, mtu angejua mara moja. Lakini sisi hatukuwa tunatengeneza kwa ajili ya macho. Tulikuwa tunatengeneza kwa ajili ya mkono wa mzee mmoja asiyeona, na siku ile nilimshukuru Mungu kwamba ngozi imekuwa laini. Wanaosoma Maandiko wanakumbuka kuna baba mwingine asiyeona aliyepapasa ngozi, akadanganywa na mwanawe. Mimi niliyafundisha hayo shule ya Jumapili, na sikujiona.

Tukaliacha juani siku tatu. Ngozi mbichi ikikauka inajivuta, kila mtengeneza ngoma anajua. Masatu alijua. Ila alikuwa hajawahi kuwamba ngoma yenye milango minne.

Siku ya tatu nikiwa nasahihisha madaftari nikasikia paa! Mkanda wa nikeli umechomoka na kuruka hadi kwenye ua wa jirani. Kabla sijauokota, paa! wa pili. Masatu akaongeza ripiti, akasema, "Sasa haitoki tena." Haikutoka. Lakini ukiligonga lile paa linaitika dum.

Jirani yetu Mama Nyangeta akachungulia. "Mwalimu, kwaya ya Bunda ina ngoma zake. Kwa nini mnajitwisha?"

Jumamosi nikaondoka na mke wangu. Gari lilikwenda vizuri, namshukuru Mungu. Barabarani watu walisimama kututazama, nikapunga mkono.

Tukafika Mwitongo mchana, ng'ombe wa Shangazi wakiwa wanarudi kutoka kunywa maji. Nikazima gari karibu na boma. Baba alikuwa ameketi nje, amevaa koti lake la ibada, fimbo magotini, tayari tangu asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeisikia toka kule kwenye daraja. Injini inakohoa kidogo, lakini ni yenyewe."

Akainuka, akaja, mkono wa kulia umetangulia.

Hapo ndipo dume la Shangazi liliposimama. Likainua pua, likatembea hadi kwenye gari, likanusa paa. Kisha likaanza kulia. Mnaofuga mnaijua ile sauti. Si ya njaa wala ya ndama. Ni ile wanayolia wakipita mahali alipochinjwa mwenzao. Wakaja wote, wakaizunguka Kotina wakikwaruza ardhi kwa kwato na kuomboleza.

Baba akasimama. "Wakuru, nani kachinja hapa?"

Shangazi alikuwa ameshaona kila kitu. Akanitazama mimi. "Muulize mtoto wako," akasema, akaanza kuwaswaga ng'ombe.

Baba akaufikisha mkono. Akapapasa kutoka mbele kwenda nyuma, kama zamani. Nusu ya njia akasimama, akakunja vidole, akagonga.

Dum.

Mke wangu aliinamisha kichwa.

"Magesa. Huyu ni ng'ombe wa nani?"

Nikamwambia. Nilianza na ngozi, nikarudi nyuma hadi ile siku ya kwanza niliposema inang'aa. Mawe, jua, kutu, mkanda uliopotea, vyote. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili.

Baba hakupandisha sauti.

"Macho yangu aliyachukua Mungu, na sijamnung'unikia," akasema. "Masikio aliniachia. Hayo umeyachukua wewe, miaka mitatu."

Wakuu, nimezika watu, nimepokea habari nyingi mbaya. Sijawahi kusikia neno zito kama lile.

Nikadhani safari imekufa. Nikadhani atarudi kwenye kiti chake. Mkono wake ulikuwa bado juu ya paa. Akapapasa hadi kwenye mlango, akaufungua mwenyewe.

"Twende. Siendi Bunda kumshukuru Mungu kwa sababu ya leza."

Tulipokaribia Bunda mvua ikaanza. Matone yakalipiga lile paa, nasi tukawa ndani ya ngoma. Sikusikia hata injini. Nikamtazama baba kwa pembeni. Mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Mzee anacheka, machozi yanamtoka!

"Mwalimu mzima," akasema. "Ungeleta na manyanga."

Mke wangu naye akaangua kicheko huko nyuma. Mimi nilishindwa kucheka, nikaendelea kuendesha.

Ngozi ililowa, ikalegea, ikaning'inia hadi juu ya vioo. Jumapili tulifika kanisani tukinuka kama machinjio. Wale mama walikuja hata hivyo na watoto wao, wakagusa mlango wa nyuma, penye kiti walichojifungulia. Baba alipopewa nafasi alishukuru kwa kila mmoja kwa jina. Mwisho akasema, "Na namshukuru Mungu kwa mwanangu, ambaye jana aliniambia ukweli." Watu wakasema amina bila kujua ni ukweli gani.

Ile ngozi tuliibandua wiki ileile. Ilipokuja ruksa, biashara ikafunguliwa na maduka kujaa tena, leza ikapatikana hapahapa Musoma. Nikamleta baba Kitaji, mimi na Masatu tukamketisha kwenye kigoda kando ya gari.

Kijana uliyeuliza, hapa ndipo jibu lako lilipo. Bandua yote, usibandike juu ya ya zamani. Piga msasa hadi bati jeupe, ziba matundu, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke vizuri. Tumia gundi kali ya mafundi viatu, upande wa leza na upande wa bati. Anza katikati, sukuma kwenda pembeni kwa kitambaa, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mikanda ya nikeli iwe ya mwisho.

Kila hatua baba aliuliza nami nikajibu.

"Kutu ipo?"

"Ipo, baba. Matundu mawili. Moja linapitisha kidole."

"Weka kidole changu."

Nikakiweka. Akalipapasa lile tundu kingo zote, akatikisa kichwa, akasema tuendelee.

Tulipomaliza, Masatu akiwa ananawa mikono, baba akauliza lile swali lake. "Inang'aa?"

"Inang'aa. Ila juu ya mlango wa dereva kuna mkunjo, urefu wa kidole. Gundi ilishika kabla sijauvuta."

Akanyanyuka, akapitisha kiganja polepole hadi akaufikia ule mkunjo. Akautuliza mkono juu yake.

"Nimeuona," akasema.

Baba amelala Mwitongo miaka mingi sasa. Kotina ipo uani, haitembei. Leza imefifia na ule mkunjo upo, mafundi wawili wameomba kuunyoosha nimewakatalia.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Usimpambie mtu asiyeona. Mwambie palipo na tundu, umwekee na kidole chake.

Wenye magari ya wazee wao, karibuni mtuambie mnayatunzaje, na mafundi mnikosoe nilipokosea. Mtanivumilia kwa kuchelewa kujibu. Macho yangu nayo yameanza kuingia ukungu, na binti yangu ndiye anayenisomea mnachoandika. Nimemwomba asiruke hata yale ya kunicheka.