Pongo Aliyevaa Merikani

Nilipofungua duka langu la chumvi na vitambaa vya merikani pale Bugene, nilioa binti kutoka Kaisho, tukapata na kibanja cha migomba na maharage. Maharage yenyewe nungunungu aliyafaidi kuliko sisi. Nikatega kitanzi cha kamba kwenye mti uliopindwa, kama majirani wanavyofanya.

Asubuhi nilimkuta pongo dume, kanaswa mguu wa nyuma, mzima na mwenye hasira. Nikahesabu mapaja, nikayahesabu tena, nikarudi mbio kufuata kisu nimchinje kihalali kabla hajafa.

Mke wangu, aliyekuwa na mimba yetu ya kwanza, aliposikia alikaa chini.

"Pongo ni muziro wetu."

Kila ukoo huku una mnyama wake wa mwiko, hawamuui wala hawamli. Hilo nililijua. Wake ni yupi, sikuwahi kuuliza.

"Akifa humu shambani, mtoto atazaliwa na madonda," alisema. "Mimi nakwenda kwetu." Akaanza kukunja mkeka wake.

Kupatana ndiyo kazi yangu, nikajaribu. "Mimi si wa ukoo wenu. Nikimchinja mimi, nyinyi mmekosa nini?"

"Na mtoto aliyemo tumboni ni wa ukoo wa chumvi?" aliuliza baba yake, aliyekuja kututembelea, ameketi mlangoni akitafuna buni.

"Basi, baba, nichukue pembe tu."

"Chukua, mradi aondoke mzima na kichwa chake."

"Sasa nani atamfungua?"

"Sisi kumshika ni mwiko. Asiye na muziro hapa yuko mmoja tu, mkwe wangu, naye ndiye aliyetega."

Nikachukua kipande cha merikani dukani, nikamtupia pongo kichwani. Alipokosa kuona, akatulia kidogo. Nikaishika kamba niikate kwa mbali.

"Siyo hapo," mzee aliita kutoka kwenye migomba. "Kitoe kitanzi chenyewe mguuni. Akienda nacho kitamuua porini, na damu yake itakuwa juu yako."

Nikasogea. Nilipigwa mateke mawili. Mkwe wangu anashikilia kuwa ni matatu. Kitanzi kikatoka, pongo akaruka, akaingia msituni na merikani yangu kwenye pembe zake.

"Umemvisha vizuri," mzee alisema. "Binti yangu ulipomwoa hukumpa kipande kirefu hivyo."

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, ametupa mgongo, mkeka uko begani.

"Anachechemea?"

"Kidogo."

"Anakimbia?"

"Kuliko mimi."

Akautua mkeka, akavuta kikapu cha ndizi aanze kumenya. Kisha akauliza mitego iko mingapi shambani. Nikamwambia ulikuwa mmoja. Akanitazama, kisu cha kumenyea kimesimama mkononi. Nikaenda kuing'oa yote miwili.