Noti Mbili Juu ya Kinanda

Jamani, hadi leo nikifika Kilosa mjini, karibu na ule ukumbi wa kanisa, huwa navuka barabara natembea upande wa pili kama mtu anayedaiwa, na wala sidaiwi, ni aibu tu, tena aibu yenyewe niliigharimia mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba inaingia kwa marobota, nami nauza suruali pale Mikumi kando ya barabara kuu (kila kitu nahesabu mara mbili, hata vifungo), na jioni naimba besi kwenye kwaya. Niliimba vizuri, hilo naomba mniamini tu, maana ushahidi mwingine sina. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Lugendo, mzee mpole, ndiye aliyeniombea nafasi chuo cha muziki. Nafasi ilikuwa moja. Mwalimu wa chuo angekuja Kilosa kutusikiliza, na utingo wa basi akaniletea ujumbe kwa mdomo: "Kasema uje na noti nne."

Noti nne! Sisi tulijifunza nyimbo kwa sikio, na maandishi ya muziki tuliyaita do-re-mi. Noti niliyoijua mimi ni ile ya kukunja na kutia mfukoni. Nikajisemea, kumbe hata muziki una chai yake. Ningemuuliza Mwalimu Lugendo yangeisha palepale, lakini nikahofia naye atataka yake, nikanyamaza. Halafu nikapiga hesabu: mtu akitaja nne, anategemea mbili. Nikabeba mbili, na moja ya akiba ndani ya soksi.

Ukumbi ulijaa, kwaya za Masanze na Chanzuru zote zimekuja kusindikiza watu wao, na waliokosa pa kukaa wako madirishani. Mwalimu wa chuo alikuwa mama wa makamo, ameinama anafuta kinanda vumbi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Noti umekuja nazo?"

Mchana kweupe, mbele za watu! Nikasema moyoni, mama huyu haogopi kitu.

"Ninazo. Mbili."

"Si niliagiza nne?"

"Nipunguzie, mama. Hali ngumu."

Akacheka kidogo. "Haya. Umeziandika mwenyewe?"

"Mwalimu, ningejua kuziandika mwenyewe ningehangaika na chuo?"

"Ziweke hapo juu nikupigie."

Nikazihesabu, nikarudia, nikaziegemeza juu ya kinanda, pale panapokaa kitabu cha nyimbo. Mama akavaa miwani, akaweka vidole tayari kupiga, akainua macho. Vidole vikaganda.

"Hii nini?"

Hapo ndipo ningekimbia. Mimi nikaona bei imekataliwa, nikainama mbele ya ukumbi mzima nikavua kiatu (na soksi ilikuwa na tundu). "Basi, mama, naongeza moja, tusikosane."

Kicheko kilianzia dirishani kikazunguka ukumbi. "Mpe chenji, mama!" mmoja akapiga kelele.

Mwalimu Lugendo, aliyekuja kunisindikiza, akasimama na makaratasi mkononi. "Samahani, mwalimu, kijana hakuelewa. Noti zake hizi hapa, nyimbo nne, nimemnakilia kwa mkono asije akakosa."

Mama akanirudishia fedha zangu kwa ncha za vidole. "Noti hakuelewa, sawa. Lakini alipodhani nataka rushwa hakushangaa hata kidogo, alipunguza bei tu." Kisha akasema, "Anayefuata."

Sikuimba hata neno moja. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Njia nzima ya kurudi Mikumi Mwalimu Lugendo hakunicheka wala hakunigombeza, alitazama nje tu, na afadhali angenigombeza. Kwaya wakanibatiza Noti Mbili, jina ninalo mpaka sasa, hata wateja wanalijua.

Yale makaratasi ninayo bado. Mzee alinifundisha kuyasoma baadaye, jioni baada ya jioni, bila kudai kitu, nami ambaye huuliza bei ya kila kitu sikuthubutu kumuuliza. Siku hizi mteja akija kwenye suruali zangu naye akaanza kuomba apunguziwe kabla hajaikunjua hata moja, moyo hunichoma. Nimeapa: sitaomba tena kupunguziwa bei ya kitu ambacho sijauliza ni kitu gani.