Trei ya Bata Mzinga

Bata mzinga ni ndege asiye na ladha. Nasema hivi mapema ili nisije nikadhaniwa kuwa nilishawishika. Nchi nzima humla siku moja kwa mwaka, humlalamikia kwamba ni mkavu, humzamisha kwenye mchuzi ili amezeke, kisha mwaka unaofuata hununua mwingine mkubwa zaidi. Nilisoma sosholojia chuo kikuu kwa miaka mitatu na sikupata maelezo ya kuridhisha.

Kwa hiyo Desemba iliyopita, mama aliponiambia kwamba tutaoka bata mzinga siku ya Krismasi, katika nyumba ya Waislamu, hapa Bordesley Green, Birmingham, nilimuuliza sababu.

"Nyanya," alisema.

Nyanya si nyanya yetu. Ni Mwingereza wa nyumba ya pili, tunayepakana naye ukuta mmoja, mjane aliyepita miaka themanini, ambaye watoto wake wanaishi mbali na hupiga simu. Krismasi iliyotangulia mama alimpelekea sambusa, akamkuta jikoni peke yake anakula mkate na jibini. Tangu hapo mama aliuzungumzia mkate ule kama watu wanavyozungumzia ajali waliyoishuhudia. Safari hii alikuwa ameshamwalika, Nyanya alikuwa ameshakubali, na bucha letu la halali lilikuwa na ndege wa kutosha. Lililobaki ni trei ya kumwokea.

Nyanya alilimaliza hilo mwenyewe, au alidhani amelimaliza. Alikuja mlangoni amekumbatia trei nyeusi ya enameli, nzito, kubwa kama karai la kuogeshea mtoto. Mshikio mmoja ulikuwa umefungwa kwa bolti, kazi ya marehemu mumewe.

"Ndege atoke kwenye hii, bab," aliniambia. Bab ni neno ambalo wazee wa mji huu humwitia kila mtu, hata dereva wa basi. "Haijatoka kabatini tangu afe. Imeoka nguruwe wazuri sana hii."

Akarudi kwake amefurahi. Mama, aliyekuwa ameipokea kwa mikono miwili, aliiweka sakafuni polepole akaenda kunawa.

Nilimweleza kwamba joto la oveni linaua kila kitu.

"Najisi si vijidudu," alinijibu.

Hapo ndipo ninapochoka na dini. Ukileta sayansi, wanakuambia si suala la sayansi. Ukiuliza basi ni suala la nini, wanaenda kunawa tena.

Tulikwenda mjini kununua trei mpya. Ghorofa ya vyombo ilikuwa imejaa watu wazima wanaozigonga trei kwa vidole kana kwamba wananunua matikiti. Kulikuwa na trei ambazo chakula hakigandi, trei zenye waya wa kumwinua ndege, na moja ambayo kibandiko chake kiliahidi kwamba wajukuu wangu watairithi. Nina miaka ishirini na minne na chumba cha kupanga nyumbani kwa mama. Nilimshukuru aliyeandika kibandiko kwa matumaini yake.

Muuzaji, kijana mwenye aproni safi mno, alituuliza tunapikia watu wangapi.

"Mgeni mmoja," mama alisema.

Alitushauri tuchukue yenye waya, ili hewa ipite chini ya ndege. Nilimuuliza kama amewahi kumla ndege aliyeokwa bila waya, akaona tofauti.

"Mimi sili nyama," alikiri.

Mama alizipima kwa shibiri, akachagua moja inayong'aa, tukaingia kwenye foleni. Tulipobakiza watu wawili kufika kwenye kaunta, alisimama.

"Ataitafuta yake mezani."

"Mwambie imetoboka."

"Nimdanganye mtu mzima wa miaka themanini? Siku ya sikukuu yake?"

"Basi mwambie ukweli."

"Nimwambie chombo cha mumewe ni najisi?" Alikuwa ameshageuka, anairudisha trei rafuni.

"Mama, hutaki uongo, hutaki ukweli. Umebaki na nini?"

"Udongo," alisema.

Katika madhehebu yetu, chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Nilikuwa nikiijua hukumu hiyo tangu madrasa ya Nairobi, kama mtu anavyojua jina la mto asiotarajia kuuona. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitasimama uani Birmingham, kwenye baridi ya kupasua midomo, nimeshika birika, huku mama amechuchumaa anaukwangua udongo ulioganda kwa kijiko cha chai.

"Kwa nini saba?" niliuliza. "Ya sita inashindwa na nini?"

"Mimina, msomi."

"Na udongo wa Birmingham unakubalika? Hapa palikuwa na kiwanda."

"Mimina!"

Nikamimina. Mama aliitia tope trei nzima, akalisukuma kwa kidole gumba hadi chini ya bolti ya marehemu. Ilikuwa imekuwa mbaya ajabu, imepakwa matope kama kitu kilichofukuliwa. Ndipo dirisha la juu la jirani likafunguka.

"Mnaifanyia nini trei yangu?"

Mimi ndiye mtu wa maswali. Mimi ndiye ninayewachosha jamaa zangu kwa kuwadai ukweli kwenye kila harusi. Niliinua kichwa nikasema, "Tunaisafisha tu!"

"Ilikuwa safi," Nyanya alisema. "Nimeisafisha kwa mikono yangu maisha yangu yote."

Mama alisimama, mikono imejaa tope, akakitafuta Kiingereza chake. "Nguruwe," alimwambia. "Zamani, nguruwe. Sasa, hapana."

Dirisha lilifungwa. Mama alichuchumaa tena. Alinipa ishara ya birika, tukaendelea hadi ya saba.

Siku ya Krismasi ndege alitoka kwenye oveni na rangi nzuri, jambo ambalo halina uhusiano wowote na ladha. Saa saba mchana meza ilikuwa tayari. Saa saba na nusu ndege alikuwa bado mzima ndani ya trei, kwa sababu mama alikataa akatwe kabla ya mgeni kufika, na mgeni hakuwa na dalili ya kufika. Kupitia ukuta tuliisikia televisheni yake.

"Nenda kamwite," mama alisema.

"Wewe ndiye uliyemwambia habari za nguruwe."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Kiingereza changu kimeshaharibu."

Nyanya alifungua mlango haraka mno, kwa hiyo alikuwa karibu nao. Alikuwa amevaa blauzi ya hariri na shanga, midomo imepakwa rangi, miguuni ndara.

"Sili kwa watu wanaoniona mchafu," alisema.

Sikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwambia kwamba nakubaliana naye, kwamba ni upuuzi, kwamba mimi nilikuwa mmiminaji tu. Ingekuwa kweli, na angefunga mlango, na mama angekaa mbele ya ndege yule hadi jioni.

"Mama alikuwa dukani ameshika trei mpya," nilisema. "Alikuwa kwenye foleni. Angepikia hiyo, akuambie yako imetoboka, nawe ungeamini. Mimi ndiye niliyemshauri hivyo. Akairudisha. Kwa dini yake hawezi kupikia ile yako ilivyokuwa, na hakutaka ndege wako atoke kwenye nyingine. Kwa hiyo akakaa kwenye baridi akaiosha mara saba. Anayekuona mchafu hajisumbui hivyo, anakununulia mpya."

Nilipomaliza nilikasirika. Ilikuwa hoja nzuri, bora kuliko zote nilizotoa mwaka ule, na ilikuwa ya upande usio wangu.

Nyanya aliuachia mlango. "Saba?"

"Saba. Nilihesabu."

"Na lile tope?"

"Usiniulize mimi habari za tope. Mimi siamini mambo hayo."

"Mbona ulikuwa umemshikia birika?"

Nilitazama barabarani, ambako hapakuwa na gari wala mtu, nchi nzima ikiwa ndani inazamisha nyama kwenye mchuzi.

"Amekauka?" Nyanya aliuliza.

"Kama kadibodi."

"Huwa wanakauka wote, bab," alisema. Akauegemeza mkono wake begani kwangu, akaanza kuvua ndara avae viatu vya kutokea.