Jibu Ambalo Mikono Minne Hakulingoja

Kazini walimwita Mikono Minne, na jina alilipenda mpaka lilipoanza kumchosha. Aliandika programu za kompyuta katika ofisi ya kupanga miadi ya wagonjwa, chumba kimoja chenye feni inayolalamika kuliko wafanyakazi. Programu ya zamani iliuliza zahanati moja, ikangoja ijibu, ndipo ikaenda kwa ya pili. Zahanati arobaini zilikula asubuhi nzima. Yeye akaiandika upya iziulize zote kwa mpigo, kila jibu lipokelewe likifika. Asubuhi ikawa dakika mbili. Bosi akamsifu, kisha akamwongezea kazi, kama kawaida ya mabosi.

Naye akaanza kuishi hivyo hivyo. Sufuria jikoni, nguo kwenye beseni, simu begani, mtoto akifundishwa hesabu mlangoni. Mshika mawili moja humponyoka, nao wahenga hawakuwahi kuona mtu mwenye kumi. Alilala amechoka, akaamka amechoka.

Siku moja mama yake alifanyiwa upasuaji wa jicho, na Mikono Minne alikuwa ameahidi kuwa mlangoni pa hospitali atakapotoka saa saba. Saa sita programu ikaharibika: ilitangaza kazi imekwisha ilhali majibu ya zahanati hayajafika. Akamtumia dada yake ujumbe akamchukue mama, akailaza simu kifudifudi, akazama kazini.

Kosa alilipata saa tisa. Mahali pamoja tu, programu iliagizwa itume swali, lakini haikupewa amri ya kungoja jibu. Ilituma, ikajihesabu imemaliza. Akamuuliza mwenzake ni mjinga gani aliyeandika vile. Mwenzake akamwonyesha jina kwenye kumbukumbu za nani aliandika nini, na lilikuwa lake mwenyewe. Wakacheka wote wawili. Kisha akaukumbuka ule ujumbe, akaigeuza simu.

Ujumbe kwa dada ulikuwa bado haujasomwa.

Alimkuta mama hospitalini, kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani, jicho moja limefungwa bandeji na la pili halioni mbali. Muuguzi alisema ameketi hapo saa mbili na ushee, amekataa hata kupelekwa chumbani apumzike asije akapishana na mwanawe. Mikono Minne akaanza kueleza, ofisi, dada, simu, maneno yakigongana.

Mama akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake.

"Ungeniambia tu huji, mwanangu. Kungoja naweza. Kilichonichosha ni kugeuka kila mlango ukifunguka."