Nilipompeleka Kobe Kuchanjwa

Hivi wewe unayesoma hapa, umeshawahi kumpeleka kobe kuchanjwa?

Usicheke. Mie nilimpeleka.

Na safari hiyo ndiyo iliyomlaza kijana wangu mahabusu, na mie nikalia mpaka sauti ikakata, ikabaki pumzi tu.

Naitwa Hamisa, mzaliwa wa Bunju hii hii, tangu ikiwa mikorosho na njia za miguu. Shule nimeishia la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Hata simu hii ya kupangusa alininunulia Nurdin.

Nurdin ni nani?

Marehemu mume wangu alizaa nje na dada mmoja wa Masasi, Anjelina. Anjelina alipofariki, mtoto akaletwa kwangu. Alikuwa wa kuanza darasa la kwanza. Kaja na mfuko wa rambo wenye kaptula na kandambili, basi.

Siku ile hakula, hakusema neno. Alinipita mlangoni kama vile hanioni, akaenda moja kwa moja uani, akachuchumaa mbele ya kobe. Akakaa naye mpaka adhana ya magharibi.

Kobe yule alikuwa wa mama yangu, kaniachia mie. Jina lake Kigae. Mama alimtoboa tundu ukingoni mwa gamba, upande wa nyuma, kwa msumari wa moto, akapitisha kamba, akamfunga kwenye mpera asipotee. Aliamini kobe akiwepo uani, kuku hawashikwi na mdondo. Majirani zetu wa enzi hizo nao walikuwa na wa kwao. Hakuna aliyeona ajabu.

Nurdin amekua na Kigae. Sasa ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, kaoa, mkewe anaitwa Najat, na wakati wa haya mambo Najat alikuwa na tumbo kubwa, hata kuinama kuokota ufagio hawezi.

Kijana mzuri. Nikikohoa tu, ameshasimama mlangoni.

Ila jambo moja.

Hajawahi kuniita mama.

"Bi Hamisa, nimeleta vibua." "Bi Hamisa, umekunywa dawa ya presha?" Hivyo hivyo, tangu mtoto mpaka ndevu. Anjelina alimwambia kabla hajafa kwamba mama yake ni yeye peke yake, asije akamsahau. Na mtoto akashika neno la mamaye. Sikumlazimisha. Ningemlazimishaje?

Lakini nikisikiaga watoto wa jirani wanaita "mamaa!" getini kwao, kuna mahali palikuwa panauma.

Basi. Siku moja likapita gari la matangazo.

"Wananchi wa Bunju! Kwa mujibu wa sheria ndogo, kila mfugaji amlete mnyama wake anayefugwa nyumbani apate chanjo ya kichaa cha mbwa! Ni marufuku mnyama kuzurura! Atakayekaidi, hatua kali zitachukuliwa dhidi yake!"

Lilipita asubuhi. Likarudi jioni. Hiyo "hatua kali" ilikuwa inanigonga kifuani.

Mie serikali naiogopa jamani. Sina mbwa. Sina paka. Nikatazama uani, Kigae anakula ganda la papai.

"Nurdin, hivi Kigae si mnyama wa nyumbani?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Bi Hamisa, kobe atamng'ata nani?"

"Tangazo halikusema anayeng'ata. Limesema anayefugwa."

"Haya twende. Ila wakitucheka, mie sikujui."

Tulicheka wote. Ningejua.

Kesho yake tukamvua kamba Kigae, tukamtia kwenye beseni langu la bluu lenye maua, na majani ya mchicha pembeni asione njaa. Tukapanda bajaji mpaka ofisi ya serikali ya mtaa.

Foleni ilikuwa si mchezo. Mbwa wamefungwa nyaya za umeme. Paka wamo kwenye viroba, vichwa nje. Na vijana wa kijiweni, simu juu, wanarekodi.

"Oyaa, bibi kaja na helmeti!"

"Dokta, huyo sindano anachomwa wapi, kwenye bati?"

Watu wakavunjika mbavu. Na mie nikacheka, nikaenda kukaa barazani maana magoti yalikuwa yameanza. Nurdin akabaki na beseni.

Ikafika zamu yake.

Bwana mifugo hakucheka. Alitazama ndani ya beseni, akavua glavu, akamuuliza Nurdin kitu. Kutoka pale barazani sikusikia.

Nurdin aligeuka akanitazama. Alinitazama muda mrefu. Nikadhani anauliza kama nimechoka, nikampungia mkono, yaani endelea tu mwanangu.

Akamgeukia bwana mifugo. Akajibu.

Nikaona mgambo anamkamata suruali kiunoni.

Niliruka pale, kandambili moja ikabaki. "Jamani, kulikoni?"

"Bibi, kobe ni nyara ya serikali," bwana mifugo akasema taratibu, nikaona naye hapendi. "Kumfuga bila kibali ni kosa kubwa. Tumemweleza hivyo kijana, tukamuuliza ni wa nani, amesema ni wake."

"Si wake! Ni wangu! Kaniachia mama!"

Nurdin hakunitazama kabisa. "Msimsikilize. Huyu bibi ni jirani tu. Nimemuomba anisindikize."

Jirani tu.

Wakampakia kwenye gari. Kigae naye, na beseni langu. Wale vijana wa kijiweni walishusha simu, hakuna aliyecheka tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuishi kwenye kituo cha polisi walikompeleka.

Kukikucha tu nipo kwenye ngazi za kituo na hotpoti la wali. Mara wapokee, mara wakatae. Najat nilimkataza kuja, akawa anakaa chini ya mpera analia, anasema mtoto tumboni hachezi. Nikirudi nyumbani naikuta ile kamba imelala pale, haina kitu.

Mtaani maneno yakaanza. Eti Nurdin muda wote alikuwa anauza nyara. Eti madirisha ni geresha. Eti atakwenda jela mpaka mwanawe atahitimu chuo.

Mdogo wangu Chausiku akaja kutoka Temeke, khanga kajifunga kibwebwe, kaja kwa shari.

"Dada, mwache."

"Nimwache vipi?"

"Kasema mwenyewe kobe ni wake. Wewe ukienda kujitia kimbelembele watakufunga, na presha yako hiyo utafia ndani. Damu yako yule? Hata mama hajawahi kukuita!"

Nilimwambia Chausiku atoke nyumbani kwangu. Katoka. Nikabaki nimekaa sakafuni, maana alichosema cha mwisho kilikuwa kweli.

Kesho yake nikamwendea mpelelezi, Afande Wilbert. Mtu mpole, ila amechoka, meza imejaa mafaili.

"Afande, kobe ni wangu. Nifunge mie, mwachie mtoto, mkewe anakaribia kujifungua."

"Bibi, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nifunge."

Akashusha pumzi. "Bibi yangu, mtuhumiwa anasema alimuokota msituni, huko Mabwepande. Sasa sisi tunachotafuta ni alikuwa anampeleka kwa nani. Na wewe anasema ni jirani, mtu mzima, unasahausahau."

"Mie ni mama yake!"

"Kwenye maelezo yake mama ameandikwa Anjelina. Wewe ni Anjelina?"

Nikashika ukingo wa meza yake.

"Bibi, nenda kapumzike."

Mnaelewa ile hali? Ninasema kweli, ananisikia, na kweli yangu haina pa kukaa. Yule mtoto alikuwa anajenga ukuta wa uongo ili mie nisalimike, na kila tofali analoongeza linamfunga yeye. Msituni! Hata hakujua kwamba kwa kusema msituni kajigeuza jangili.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikainamisha kichwa magotini. Sikuwa na dua tena. Nilikuwa nasema tu, "Ya Rabi, ya Rabi," kama mtu aliyesahau maneno mengine yote.

Akapita binti mmoja, amevaa sare ya kijani ya watu wa wanyamapori. Mkononi ana beseni la bluu lenye maua.

Nililikamata lile beseni.

"Binti! Huyo Kigae! Mpindue, utazame ukingo wa nyuma!"

Askari wa mlangoni akaja kunitoa, binti akamzuia. Jina lake Kokuberwa, mtu wa Bukoba. Akachuchumaa pale pale kwenye ngazi.

"Nitazame nini, bibi?"

"Tundu. Mama yangu alilitoboa kwa msumari wa moto. Kamba yake ipo nyumbani kwangu kwenye mpera mpaka leo, na mpera una mkato ilipokuwa inasugua."

Akapitisha kidole. Akapitisha tena.

"Limesagika," akasema. "Lina ulaini kama pete ya zamani."

Akainuka na beseni lake, akaingia kwa Afande Wilbert, na mie nyuma yake, sikuombwa.

"Afande, kobe huyu hakuokotwa juzi. Amefungwa kamba miaka na miaka. Na hebu niambie, mfanyabiashara gani wa nyara anampeleka mzigo wake kwenye foleni ya serikali, kwenye beseni, na mchicha?"

Afande Wilbert alitaka kucheka, akajizuia. "Sasa na maelezo yake? Kasema msituni, kayatia saini."

"Mlete. Huyu bibi amuulize mbele yetu."

Wakamleta.

Jamani Nurdin wangu. Peku, mkanda wamechukua, kashika suruali kwa mkono mmoja. Midomo imepasuka kwa ukavu. Aliponiona alikunja uso kama anayepigwa.

"Bi Hamisa, umefuata nini huku? Nenda nyumbani, utapandisha presha."

Nikamuuliza swali. Akajibu.

Kwa jibu hilo, maelezo yakaandikwa upya, ya kwake na ya kwangu. Yakaenda juu kwa wakubwa, tukasubiri na roho mkononi. Wakaona hapakuwa na biashara, palikuwa na ujinga wa kutojua. Tukaonywa vikali wote wawili, tena mie nikaonywa zaidi. Kigae amebaki mikononi mwa serikali, Kokuberwa kasema yupo na wenzake, anakula vizuri. Beseni nilirudishiwa. Najat alijifungua salama, mtoto wa kike, analia kwa sauti ya kipaza cha lile gari la matangazo.

Maganda ya papai bado naweka chini ya mpera. Mkono umezoea.

Ninachowaambia ni hiki. Kama uani kwako una kobe, au komba, au kasuku, hata kama umeachiwa na bibi yako, nenda kaulize utaratibu leo, kwa miguu yako, usingoje gari lipite. Mbwa wako mfunge, mchanje. Sheria haikuulizi ulipenda kiasi gani. Na ukitaka kumuokoa mtu wako, usimuokoe kwa uongo, maana Nurdin na uongo wake wa huruma nusura aniache na mjukuu asiye na baba.

Najua mtaniuliza kwenye komenti, "Bibi, ulimuuliza nini?"

Nilimuuliza hivi: "Nurdin, siku uliyoletwa kwangu na mfuko wako wa rambo, ulinipita mlangoni ukaenda uani. Ulikuta nini?"

Feni ya ofisi inazunguka inalia kwi, kwi. Afande kashika kalamu.

"Nilikuta kobe," akasema. "Kafungwa kamba kwenye mpera."

"Wa nani?"

Akanitazama kama alivyonitazama siku ile kutoka kwenye foleni. Muda mrefu. Safari hii sikumpungia mkono.

"Wa mama," akasema. "Afande, andika. Kobe ni wa mama yangu huyu hapa."