Bolti Iliyokatika Mosocho

Kutoka Voi hadi Mosocho nilitumia siku tatu, kwa sababu pikapu niliyoachiwa na mjomba haikupenda kuharakishwa. Nililala Emali kando ya kituo cha mafuta, nikalala tena Narok, miguu ikitoka dirishani. Nilikuwa naelekea Kisumu, ambako niliambiwa kuna kazi ya kubeba mizigo. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa mtu wa kuondoka. Nikikaa mahali miaka miwili, naanza kuota barabara. Nilipita Keroka katika mvua, nikapita mji wa Kisii, na mbele kidogo, hapo Mosocho, mvuke ukapanda kutoka kwenye boneti.

"Hii ni paipu ya maji tu," fundi alisema. Alikuwa wa rika langu, na karakana yake ilikuwa chini ya mikaratusi, ng'ambo ya soko. "Kunywa chai hapo kwa mama. Ukimaliza kikombe, unaenda."

Paipu ilibadilishwa, lakini pampu nayo ikawa inavuja. Tulingoja siku nne hadi pampu nyingine ikapatikana Nyamira, kwenye gari la mtu lililokufa. Ilipofungwa, fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya injini; gasketi ilikuwa imeungua, na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilibidi ifunguliwe.

"Mgeni, bado uko?" mama wa chai alinitania kila asubuhi. "Tukupe shamba upande ndizi?"

"Nipe mke kwanza."

"Nani atataka mwanamume analala kwa gari?"

Baadaye nilipanga chumba nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Watu walikuwa wema kwangu. Walinisalimia kwa Kiswahili, wakaniuliza habari za ndovu wa Tsavo, kisha wakageukiana na kuendelea na maisha yao kwa Ekegusii. Kicheko kilinifikia kikiwa kimeshatafsiriwa, kimepoa. Ni fundi peke yake aliyekaa nami bila haraka. Siku za Jumapili alinialika kwake nikale ugali na mboga ya chinsaga, na mkewe alipozungumza na watoto, yeye alinieleza walichosema, hata kama ni habari ya mbuzi tu.

Alikuwa Msabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama, vifaa vyote viliingia sandukuni, na havikuguswa hadi Jumamosi jua lizame tena.

Ijumaa aliyorudisha hedi, kazi ilichelewa. Alikuwa amezifunga bolti kwa mkono tu, bado kuzikaza, alipotazama kilima na kuweka spana chini.

"Kidogo tu, ndugu," nilimwambia. "Zimebaki hizo."

Alinionea huruma. Alikaza mbili, kidogo kidogo, kisha akainua kichwa. Jua lilikuwa limeshaenda. Alifuta mikono upesi kama mtu aliyeshikwa na kitu kisicho chake, akasema nyingine ni za Jumapili.

Jumamosi Mosocho ilikuwa kimya. Hata kibanda cha chai kilifungwa. Niliketi ndani ya gari nikisikia kuimba kutoka kanisani, sauti za watu wanaojuana tangu utotoni, na nikahisi nikikaa hivyo hadi jioni nitapiga ukelele. Nilikuwa na spana yangu. Nilijua hedi hukazwa kwa zamu, ukianzia katikati, lakini nilianzia mwisho na kukaza kila moja kwa nguvu zote. Bolti ya tano, moja ya zile mbili alizokaza fundi, ilikatika. Kipande kilibaki ndani ya injini. Nililegeza nyingine zirudi alivyoziacha, nikafunga boneti, nikaenda kulala mchana huo wote.

Jumapili fundi alifungua boneti, akaiona bolti iliyokatika.

"Nilikaza jua likiwa limezama," alisema. "Nilijua. Nilijua na nikaendelea."

Hapo ndipo ningesema. Lakini nilifikiria Jumapili zijazo bila ule ugali, nikasema, "Ni bahati mbaya."

Injini ilitolewa nzima, ikapelekwa mjini kutobolewa kile kipande. Fundi alikataa nisaidie gharama. Ikapita miezi mitatu. Katika muda huo alianza kufunga karakana Ijumaa saa sita mchana, na wateja wake wa wikendi wakahamia kwa fundi mwingine wa upande wa Marani. Mama wa chai ndiye aliyenieleza kwamba fundi alisimama kanisani, akawaambia watu wote kosa lake.

"Mtu mzima, na machozi," alisema. "Kwa sababu ya bolti!"

Siku ya kuondoka ilikuwa Alhamisi. Injini iliitika mara ya kwanza. Nilikuwa nimepakia godoro, na fundi alisimama dirishani ameinamisha kichwa, akisikiliza mlio.

"Ile bolti niliikata mimi," nikasema. "Jumamosi, mkiwa kanisani. Wewe hukuharibu kitu."

Aliinua kichwa, akanitazama. Kisha akaweka mkono juu ya mlango.

"Zima gari."

"Nitachelewa."

"Ndugu, zima gari tuongee."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Ningezima, tungeenda kwake, ningeyasema tena mbele ya mkewe, pengine mbele ya kanisa zima, na baada ya hapo ningekuwa mtu anayejulikana Mosocho. Niliingiza gia. Mkono wake uliteleza kwenye bodi taratibu hadi gari likaisha. Kiooni nilimwona amesimama barabarani, hapungi, haiti.

Pikapu ilifika Kisumu bila kupata moto hata mara moja.