Kamera Inayoficha Uso

Nina uso usioweza kutunza siri. Shuleni wenzangu walilijua hilo tangu kidato cha kwanza, ndiyo maana hakuna aliyeniambia nani anampenda nani. Habari zilikuwa zinanifikia zimeshachacha. Mwalimu akiuliza nani kapiga filimbi darasani, mimi nakaa kimya kama ukuta, lakini macho yangu yanakwenda yenyewe mpaka kwa mhusika. Basi nilipomaliza kidato cha nne nikaanza kumfuata mjomba kwenye kazi zake za video, nilijiona nimefika. Ukiwa nyuma ya kamera watu wanatazama kamera. Wewe hawakuoni.

Mjomba ni mdogo wake mama. Anaishi Area D, hapa Dodoma, hana ofisi wala bango, watu wanampigia tu simu na yeye anakwenda: harusi, kipaimara, mahafali, hata misiba. Ana kamera mbili. Moja ni ya kanda, kubwa, ya kubeba begani, na pale pa kuchungulia ina mpira mweusi unaokufunika nusu ya uso. Nyingine ni ya kadi, inaingia kwenye mkoba wa mama bila shida, na unaishika mbele ya kifua ukitazama kioo kidogo kinachofunguka pembeni. Hii ya kadi ndiyo inayomlisha. Watu siku hizi wanataka video yao kwenye flashi kabla keki haijaisha. Lakini ya kanda hataki kuiuza.

"Kadi unaifuta kwa kidole kimoja," huwa anasema. "Kanda mpaka uitie moto."

Mama alikuwa na mpango wake juu yangu. Shangazi ana duka Kondoa, na alitaka mtu wa kumsaidia mpaka matokeo yatoke. Nampenda shangazi. Ila dukani kila anayeingia anakutazama usoni, anakuuliza habari za nyumbani, za shule, kisha za mchumba, hata kama amekuja kununua kiberiti.

Hapo ndipo mjomba alipopata kazi mbili Jumamosi moja. Moja ilikuwa harusi ya wafanyakazi wa serikali kule Mtumba, nyingine send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi, pale mtaa wa Kikuyu. Akaja nyumbani, akanywa chai, akamwambia mama, "Dada, nipe huyu binti Jumamosi hiyo. Send-off aipige yeye peke yake. Ikitoka vizuri, anabaki na mimi. Ikiharibika, Jumatatu mpandishe basi la Kondoa."

"Sawa," mama alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshafunga begi.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ufagio. Nilicheza na ule ufagio bila kutoa sauti mpaka nikagonga ndoo.

"Na toka huko ulipo," mjomba akaita. "Chagua kamera. Utakayoiacha ndiyo yangu."

Nilishangaa, maana yeye ndiye mwenye mali. Akasema mpiga video hapangiwi kamera, kama vile mtu hapangiwi miwani. Akaziacha zote mbili mezani kwetu wiki nzima, na hiyo wiki sikula vizuri kwa furaha. Niliwapiga kuku video. Nilimpiga mama akifua, akanirushia maji. Ya kadi ilikuwa rahisi kama kushika simu: saa nyingi, hakuna kubadilisha kitu, na kilichoharibika unakiona hapo hapo. Ya kanda ilikuwa na mambo ya kizee. Vumbi la Dodoma linaingia ndani na picha inachanika michirizi. Kanda moja inachukua saa moja tu, halafu utoe, uweke nyingine. Ukitaka kutazama ulichopiga lazima urudishe nyuma, na ukisahau kuipeleka mbele tena unapiga juu ya kile kile. Mtu mwenye akili timamu angechukua ya kadi, na mimi nilikuwa nimeshaamua kuichukua.

Ijumaa mjomba akaja kunipa maelekezo. "Kuna ile sehemu ya bibi harusi kumtafuta bwana harusi ukumbini," akasema. "MC anamficha, na anakwambia wewe mapema amefichwa wapi, ili usipitwe akionekana. Sasa sikiliza. Bibi harusi mjanja hahangaiki na meza. Anautazama uso wa mpiga video."

Nikaigeukia ile ya kanda pale mezani, na mpira wake mweusi.

"Na jambo lingine. Ukichukua ya kanda, badilisha kanda kabla ya hiyo sehemu. Mwambie MC akupe nafasi, atawachekesha watu kidogo."

"Nachukua ya kanda," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ina rangi nzuri."

Mjomba akanitazama, na kwa kuwa uso wangu ndio huo ninaousema, akacheka peke yake. "Rangi," akasema. "Sawa mama. Chukua rangi yako."

Jumamosi nilifika ukumbini mapema kuliko wapambaji. Nilivaa gauni la bluu la mama, nikaweka kamera begani, taa juu yake, nikabandika jicho langu kwenye ule mpira, na dunia nzima ikawa ndogo, safi, ya kwangu. Kinamama waliingia wakicheza, nikawapiga. Wakaona taa, wakacheza zaidi. Bibi mmoja wa upande wa bibi harusi akaja mpaka mbele yangu, akatingisha mabega, akasema "Mbukwenyi" kwa Kigogo kwenye kamera kama anaisalimia yenyewe. Nikamwitikia "Mbukwenyi, bibi," nikiwa nimejificha mle ndani, na sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yakauma, na hakuna aliyeniona.

MC alikuwa mrefu, suti inang'aa kama sufuria jipya. Akanijia, akainama sikioni. "Bwana harusi yuko meza ya chakula. Tumemvisha aproni na kofia ya mpishi. Usimwangalie."

Kutoka hapo shingo yangu ikawa inajitafutia njia ya kugeukia meza ya chakula. Niliizuia kwa mpira wa kamera.

Sasa, nilipaswa kumwambia MC kuhusu kanda. Nilipanga kumwambia mara utambulisho ukiisha. Lakini wajomba wa bibi harusi walikuwa wametoka Kongwa, na kila mmoja alijitambulisha, akamtambulisha wa pembeni yake, kisha wa pembeni yake akasimama akajitambulisha upya kwa sababu mwenzake hakusema vizuri. Kanda inazunguka tu. MC akapita karibu yangu, nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Akapita tena, nikafungua tena. Akadhani namtabasamia, akaniitikia kwa kichwa na kuendelea. Mara nikasikia, "Haya, bibi harusi, mwenzako amepotea. Katafute." Muziki ukapanda na watu wote wakasimama.

Bibi harusi alikuwa dada mcheshi, ameshika shada la maua, na mjomba alisema kweli. Alipotoka tu kwenye kiti alinijia mimi. Akanitazama hapa, akanitazama pale, akaona mpira mweusi na nusu ya shavu.

"Wewe mdogo wangu, toa hilo dude usoni nikuone," akasema, na ukumbi ukacheka.

Niling'ang'ania kamera. Akaanza kuzunguka meza, anafunua vitambaa, anawavua wanaume kofia. Mimi nyuma yake, taa juu yake, kwa raha kama ya watoto wanaocheza kombolela. Akapita karibu na meza ya chakula, wapishi wamesimama safu moja kama askari, akapitiliza. Akasita. Akaanza kurudi.

Na pale pembeni ya picha, alama ya kanda ikaanza kumetameta.

Mjomba alishanionyesha ile alama. Maana yake kanda inakwisha, una muda wa kumeza mate tu. Nikaona Jumatatu, nikaona basi, nikaona mtu anaingia dukani kununua kiberiti na kuniuliza nina umri gani. Akimpata bila kanda, hakuna video, kwa sababu send-off isiyo na kumpata bwana harusi ni kama pilau isiyo na mchele.

"Simameni," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikavuta pumzi yote iliyokuwa ndani ya lile gauni.

"Simameni kwanza."

Muziki ukakatwa. Sijui nani aliukata. Watu wote wakanigeukia, na MC akaja na kipaza sauti, akakisogeza kwenye mdomo wangu chini ya kamera. "Jamani, mpiga video wetu ana neno. Ndiyo, binti."

"Kanda imeisha," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote nne, ikarudi kunipiga mgongoni.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia maishani. "Kanda?" kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Si ungekuja na kaseti ya redio kabisa." MC hakuniacha. "Bibi harusi, ganda hapo hapo. Bwana harusi popote ulipo, usipumue. Mtu yeyote asimpate mtu yeyote mpaka kanda iingie."

Tatizo ni kwamba ili kubadilisha kanda lazima ushushe kamera. Bibi harusi aliganda kweli, lakini shingo hakuigandisha, alikuwa amenikodolea anangoja huo uso. Nikaanza kugeukia ukutani. Ndipo shangazi yake bibi harusi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akainuka, akafungua khanga yake ya juu, akaitandaza mbele yangu kama pazia la bafu.

"Badilisha mwanangu," akasema. "Nimekusitiri. Huyu asikuchungulie."

Nilibadilisha kanda nyuma ya ile khanga, nacheka machozi yanatoka, na yeye anacheka, khanga nzima inatikisika. Kinamama wakaanza vigelegele. Wanapigia kanda vigelegele, kanda, kitu cha plastiki.

Lakini huku nje kulikuwa na mengine. Mjomba mmoja wa Kongwa, kati ya wale waliotambulishwa mara mbili, aliona shughuli imesimama akadhani ni chakula. Akachukua sahani, akaenda mezani, akasimama mbele ya mpishi wa kwanza aliyemkuta. Nikamsikia akisema, "Kijana, nitilie. Na nyama usinionee."

Mpishi huyo ndiye bwana harusi. Na huyo mzee ni mmoja wa watakaokuwa wakwe zake.

Nilirudisha kamera begani, nikabonyeza, khanga ikashuka. Nilijua nikigeuzia lenzi kule mezani nimekwisha kusema alipo. Kwa hiyo nikabaki kwa bibi harusi, nikamsogelea mpaka uso wake ukajaa picha yote. Alikuwa bado ananichunguza mimi. Kisha nikasikia nyuma yangu sauti ya kijana, ya chini, ya heshima, "Shikamoo baba," na macho ya bibi harusi yakahama. Yakapita juu ya bega langu. Baadaye nilielezwa alichokiona: mpishi amepiga goti nusu, ameshika sahani ya mzee kwa mikono miwili, na nyama imepanda juu kama kichuguu. Hakuna mpishi wa Dodoma anayegawa nyama namna hiyo.

Mimi niliona uso wake tu. Niliona alipoanza kushuku, nyusi zikakutana, mdomo ukafunguka kidogo, halafu ukaja ule mwanga wa mtu aliyemtambua mtu wake. Akalia na kucheka pamoja, akatupa shada la maua, akakimbia. Nikakimbia naye nikiwa nimebeba lile dude, taa inarukaruka, na nikawahi kofia ya mpishi ikianguka kwenye bakuli la kachumbari.

Kanda haina njia ya mkato. Ili kuiingiza kwenye kompyuta lazima uicheze yote, dakika kwa dakika, kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa tulikaa kwa mjomba, yeye, mama na mimi, na majirani wakajaa mlangoni. Kanda ya pili inaanza na khanga nyekundu tupu inayotikisika na kicheko chini yake. Mama akauliza ni nini hicho. Nikamwambia. Mjomba akasimamisha picha.

"Ulisimamisha ukumbi mzima?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa mdomo wako?"

"Ndiyo."

Akajikuna kidevu. "Mimi kanda zimeniishia mara ngapi. Naacha inapita, halafu nawaambia umeme ulikatika." Akaicheza tena. Ukaja ule uso wa bibi harusi, mkubwa, umejaa kioo, na pale mlangoni jirani mmoja akasema "Ee mama," kwa sauti ndogo, kama amemwagikiwa na maji vuguvugu. Mjomba akaiacha icheze mpaka kofia ilipoanguka kwenye kachumbari. Ndipo akamgeukia mama.

"Dada, mpigie wifi yako."

Mama akachukua simu, akatoka uani. Nikamfuata mpaka mlangoni, sikuweza kukaa. Nilimsikia akisalimia, akiulizia watoto, mvua, bei ya mafuta, mambo yote ya Kondoa kwanza, na mimi nimeshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Eeh wifi, yule mtoto," akasema hatimaye. "Hapana, haji. Tafuta mwingine. Huyu wetu ana kazi." Akasikiliza, akanitazama, akaanza kucheka. "Ngoja nimuulize. Shangazi yako anasema mwezi ujao wana kipaimara huko, uje uwapigie. Anauliza utakuja na kamera gani."

"Ya kadi," nikasema. "Kwenye kipaimara hatufichi mtu."

"Mwambie mwenyewe," mama akasema, akaninyooshea simu.

Nikaipokea. "Shikamoo shangazi," nikaanza, na maneno yakaja mengi, mpaka salio la mama likaisha.